Tukishawalipia hawa wawili, mwezi ujao je?



Kila mwaka, Kwaresima inapofika, vikundi vyetu vingi hufanya tendo moja la huruma. Tunakusanya falanga kidogo kidogo, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, kisha tunakwenda materniti kuwatembelea akina mama waliokwisha kujifungua lakini hawaruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu hawajalipa deni la hospitali. Nimeshiriki tendo hilo mara nyingi. Mwaka mmoja fedha zetu zilitosha kuwakomboa mama wawili. Tuliimba, tukapiga picha, tukawasindikiza hadi barabarani, watoto wao wachanga wakiwa mikononi. Tulipokuwa tukitoka, mama mwingine aliyebaki kitandani alituuliza kwa upole: “Wanangu, mtarudi lini?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Sote tulijua kwamba tungerudi baada ya mwaka mzima, na kwamba kabla ya hapo vitanda vile viwili vingekuwa vimepata wafungwa wengine. Swali la mama yule halijaniacha. Ninaliandikia leo kwa sababu naamini lilikuwa swali la Injili, na kwa sababu nadhani sisi walei tumejizoeza kulikwepa.

Nisieleweke vibaya. Kuwakomboa wale wawili lilikuwa jambo jema. Msamaria hakufanya mkutano kabla ya kumwinua mtu aliyejeruhiwa njiani, damu haingoji. Lakini msome tena mfano huo hadi mwisho wake. Msamaria alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Kwa maneno mengine, alitafuta mwenzake wa kazi, akaacha fedha mahali ambapo uuguzi ungeendelea yeye akiwa hayupo, na akajifunga kwa ahadi. Huruma yake ilikuwa na kesho. Yetu, mara nyingi, huishia kwenye picha.

Kanisa la mwanzo lilikutana na jambo hili mapema sana. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia manung’uniko yaliyotokea Yerusalemu: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume wangeweza kuwapelekea wajane wale kikapu cha ziada, wakawaomba radhi, na mambo yakatulia kwa juma moja. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa waamini wote, wakakiri kwamba wao wenyewe hawawezi kuyabeba yote, wakaiomba jumuiya ichague watu saba wa kusimamia huduma hiyo. Tazameni pia majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Ni majina ya Kigiriki. Inaonekana jumuiya iliukabidhi ugawaji, kwa sehemu kubwa, kwa watu wa upande uleule uliokuwa ukilia. Hayo ndiyo mabadiliko ya kweli: utaratibu wenyewe uligeuzwa, na waliodhulumiwa wakapewa nafasi ya kuusimamia.

Mtaniambia kwamba hayo ni ya Yerusalemu ya kale. Basi tuje nchini mwetu. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya Kongo, katika jimbo linaloitwa leo Sud-Ubangi, wamisionari Wakapuchini walikuwa wamesaidia kujenga hospitali na kazi nyingi za maendeleo. Wafadhili wa ng’ambo walikuwepo, madaktari walikuwepo. Hata hivyo, mkulima aliyeugua wakati hana fedha alikuwa na mlango uleule uliofungwa. Mwaka 1986 viongozi wa hospitali na wa vituo vya afya walianzisha bima ya pamoja, ile ambayo wengi wetu tunaiita mituweli. Jamaa nzima iliandikishwa, wala si mgonjwa peke yake. Mchango ulikusanywa katika kipindi ambacho wakulima wamekwisha kuuza mazao yao na wana fedha mkononi, na waliokusanya walikuwa wauguzi wa vituo vya afya, watu wanaofahamika kijijini. Mwanachama aliyelazwa hospitalini alilipa sehemu ndogo tu ya gharama, na mfuko ukalipa iliyobaki. Maelfu ya watu walijiunga tangu mwaka wa kwanza. Miaka ya 1990 ilipofika, nchi ikaporwa na fedha yetu ikapoteza thamani, mfuko ule haukufa.

Kwa nini ulisimama? Naona sababu tatu. Kwanza, walioupanga walitazama maisha ya mkulima jinsi yalivyo, wakafuata kalenda ya shamba badala ya kalenda ya ofisi. Pili, fedha za wafadhili hazikuchukua nafasi ya mchango wa wananchi. Ziliimarisha hospitali ili mchango huo ununue huduma ya kweli. Hakuna mtu anayechangia bima ya hospitali isiyo na dawa. Tatu, kila mmoja alikuwa na sehemu yake: muuguzi, daktari, familia, mfadhili. Nao pia walikuwa na mapungufu. Wanachama waliokaa mbali waliitumia hospitali kidogo kuliko waliokaa karibu, ingawa walichangia sawa. Na maskini kabisa, asiye na zao la kuuza, hupata taabu kuingia katika mfuko wa namna hiyo. Hapo hasa ndipo sadaka yetu ina mahali pake. Tukilipa deni la mama mmoja aliyepasuliwa, tumefungua kitanda kimoja. Fedha ileile, ikitumika kuziandikisha katika mituweli familia maskini za shirika letu, ingewalinda watu wengi kabla hawajaugua. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe, kwa bei za hospitali ya kwenu na mchango wa mituweli ya kwenu, ikiwa ipo.

Lakini lazima niwasimulie pia upande wa pili, maana ushirikiano peke yake hautoshi. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, habari ya shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliacha kuwalipa walimu ipasavyo. Shule zikafungwa, mwaka wa masomo ukawa hatarini. Ndipo wazazi, pamoja na viongozi wa shule za Kanisa, wakakubaliana kwamba kila familia itoe kitu kidogo ili mwalimu apate chakula na mtoto asome. Tendo hilo lilikuwa la upendo na la busara. Bila hilo, wengi wa wale wanaotufundisha leo wasingejua kusoma. Lilikusudiwa kuwa la muda.

Muda huo uliendelea zaidi ya miaka 25. Primu ya mwalimu ikawa minervali ya lazima. Sehemu ya fedha ikaanza kupanda kutoka shuleni kwenda ofisi moja hadi nyingine, na kila ofisi ikawa na sababu ya kutaka mambo yabaki yalivyo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Watoto wakaendelea kufukuzwa darasani kwa sababu ya minervali. Ni Septemba 2019 tu Serikali ilipoanza kweli kutekeleza maneno hayo. Na hata hapo, madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi ambao hawakuwa kwenye orodha ya mishahara wakajikuta hawana primu ya wazazi wala mshahara wa Serikali.

Simsingizii mzazi yeyote, wala simlaumu padri yeyote aliyefungua shule yake wakati milango ya Serikali ilikuwa imefungwa. Nasema tu kwamba tulisahau kuuliza swali moja siku ya kwanza: mwenye wajibu huu atarudi lini kuubeba, na nani atamdai? Msaada unaobeba mzigo wa mwingine bila kumkumbusha kwamba ni wake, mwishowe humzoeza kukaa. Na maskini ndiye anayelipa mara mbili. Mafundisho ya Kanisa yana kanuni inayotuongoza hapa, nayo ilielezwa na Papa Pius XI mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo Anno: jumuiya iliyo kubwa isiinyang’anye ile ndogo kazi inayoiweza, bali iisaidie pale nguvu zake zinapokwisha. Familia, shirika, parokia, mji, Serikali: kila ngazi ina lake. Tukilibeba la Serikali milele, tunaivuruga kanuni hii sawasawa na Serikali inapotaka kulibeba la familia.

Baadhi yenu mtasema: “Sisi ni vijana, hatuna kazi, hatuna cheo. Mambo ya mifumo ni ya wakubwa.” Nawajibu kwa jina moja, jina la kijana wa Goma: Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant’Egidio. Katika Shule ya Amani aliwasaidia maibobo, watoto wa barabarani ambao wengi wetu tunawapita tukishika mifuko yetu kwa hofu. Hiyo ilikuwa sadaka yake ya muda na ya moyo. Lakini alikuwa pia na kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini kupitia mpakani. Walipotaka apokee hongo ili apitishe vyakula vilivyoharibika, alikataa, na kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma.

Jiulizeni jambo hili. Ingekuwaje kama Floribert angewalisha maibobo siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu akapitisha chakula kibovu kitakachouzwa sokoni kwa bei ya maskini? Sadaka yake ingekuwa kweli, na uongo pia. Yeye aliunganisha mkono unaotoa na mkono unaotia sahihi. Wengi wenu mtakuwa wauguzi, walimu, makarani, watu wa forodha. Mfumo tunaoulalamikia umeundwa na sahihi kama hizo, moja baada ya nyingine, na ndivyo utakavyogeuzwa.

Kwa hiyo natoa maoni yangu wazi, nanyi mnaweza kuyapinga katika mikutano yenu. Kampeni yetu ya Kwaresima isikome, ila igeuke. Kabla ya kukusanya falanga ya kwanza, tukae na wale tunaotaka kuwasaidia, hasa akina mama waliowahi kuzuiliwa, watueleze ni wapi mambo yalipoharibika: je, ni fedha, ni umbali, ni kukosa habari, au ni bei isiyobandikwa ukutani? Kisha tuigawe sadaka yetu sehemu mbili: moja kwa dharura ya leo, nyingine kwa mfuko wa kudumu unaosimamiwa na shirika lenyewe. Mashirika mengi yana likelemba tayari. Wanaoijua nidhamu ya likelemba wanaweza kuongoza mituweli. Hesabu zisomwe mbele ya wote, hata kama ni falanga elfu tano tu, kwa maana mfuko hufa kwa siri mapema kuliko unavyokufa kwa umaskini. Tusione haya kushirikiana na jirani zetu Waprotestanti, Waislamu, Wakimbangu. Deni la hospitali haliulizi dini. Na mwisho, pamoja na paroko wetu, tupeleke kwa maandishi kwa wakuu wa hospitali na wa zoni ya afya mambo ambayo ni wajibu wao, nasi turudi kuuliza majibu.

Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa sababu haina picha nzuri. Mikutano huchosha. Mwaka wa kwanza mfuko utakuwa mdogo, na mtu atasema ingekuwa afadhali kununua sabuni na sukari kama zamani. Vumilieni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe kinatakiwa kiwepo, na kisivuje.

Mama yule alituuliza tutarudi lini. Ningependa siku moja kikundi cha vijana kimjibu hivi: “Mama, tutarudi juma lijalo kwenye mkutano wa mituweli, na wewe unahitajika hapo, kwa sababu unajua mambo tusiyoyajua.”

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Katika matendo yetu ya huruma ya mwaka uliopita, ni lipi ambalo tutalazimika kulirudia mwaka huu kwa watu walewale au kwa tatizo lilelile? Kwa nini?

2. Ni wajibu gani wa Serikali, wa hospitali au wa shule ambao tumeubeba bila kumkumbusha mwenyewe?

3. Ni nani kati ya wale tunaowasaidia angeweza kukaa pamoja nasi katika kamati, nasi hatujawahi kumwalika?

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee.