MSAADA WA PAMBA SI BEI YA PAMBA

Wakuu wa Shirika la Biashara Duniani, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa hutuambia kuwa wanashirikiana, na kwamba biashara na misaada sasa ni kitu kimoja. Sisi tunauliza: kwa faida ya nani?

Tazameni habari ya pamba. Mwaka 2003 ndugu zetu wa Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walipeleka madai yao Geneva. Hawakuomba sadaka. Walitaka Marekani na wakubwa wenzake waache kuwalipa wakulima wao ruzuku, maana huzidisha pamba sokoni na kuangusha bei. Na mpaka hapo walitaka fidia. Mwaka 2004 madai yakakatwa vipande viwili: ruzuku ikaachiwa mazungumzo, na mashirika yakaambiwa yashirikiane katika misaada. Mwaka 2015, mjini Nairobi, ilikubaliwa kufuta ruzuku za kuuzia pamba nchi za nje. Ile kubwa, anayolipwa mkulima nyumbani kwake, haikuguswa.

Brazil haikungoja misaada. Ilishitaki, ikashinda, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 300 kuimaliza kesi. Mali itapata wapi mawakili wa namna hiyo?

Mkulima wetu wa Shinyanga naye hufuata bei hiyo hiyo ya dunia. Akipewa mbegu za msaada, kisha bei ikaanguka siku ya kupima, amesaidiwa nini? Wajumbe wetu wanaokwenda Geneva waanze na ruzuku. Wenye misaada wangoje zamu yao.