Masika Yana Picha Zake

MAONI YA JUMAMOSI
Na Salma Khatib Juma

Ingia duka lolote la kadi za posta Shangani, utadhani Unguja haijapata kunyeshewa. Bahari ya buluu, jahazi limetweka tanga, mlango wa kuchonga, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu imechomoza juu ya mabati, na mkrismasi uliowaka maua mekundu. Zote picha za kaskazi. Wapigapicha huja Desemba hadi Februari, jua likiwa kali na vyumba vimejaa. Ikifika Aprili hufunga virago, na hoteli nyingi za pwani nazo hufunga milango. Basi sura ya kisiwa hiki inayojulikana duniani ni ya miezi mitatu tu, na sisi tumeizoea hata tukishika simu zetu wenyewe tunaiga hiyohiyo.

Mimi nasema anayetaka kanisa na maua katika picha moja hapa Unguja, asubiri masika yakatike, kisha aende Mbweni.

Sina ugomvi na Mkunazini. Kanisa Kuu la Kristo lililo hapo lina historia isiyo na mfano: Askofu Edward Steere alilianza mwaka 1873, mwaka uleule mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza ulipofunga soko la watumwa lililokuwa papo hapo, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Lakini nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na mahali kama pale hapataki pambo la ua. Wapo wanaojipiga picha wakichekelea mbele ya shimo lile. Sitapoteza wino juu yao.

Mbweni ni habari nyingine. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walinunua shamba hilo mwaka 1871, wakaweka hapo watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Ikajengwa shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo Caroline Thackeray aliiongoza miaka mingi, naye amezikwa papo hapo Mbweni. Mwaka 1882 likaja kanisa la Mtakatifu Yohana. Hilo ndilo kanisa la kijiji hasa. Lilijengwa kwa ajili ya watu waliopewa vipande vya ardhi wakalima, wakaoana, wakazikana, wala halikukusudiwa kutazamwa na wapita njia. Siku hizi mji umelifuata mpaka mlangoni, na ndege zinazotua Kisauni si mbali nalo, ila ukisimama uani bado unaona ni shamba.

Na jirani yake alikuwa nani? Dk. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, yule aliyejadiliana na Barghash juu ya mkataba wa 1873. Wengi tunamjua kwa siasa, au kwa kima punju wa Jozani aliyepewa jina lake kwa Kilatini. Wachache wanajua kwamba alikuwa mpigapicha. Alipofuatana na Livingstone kwenye msafara wa Zambezi kuanzia 1858, yeye ndiye daktari na mtaalamu wa mimea, na alibeba kamera enzi ambazo picha moja ilidai dawa, giza na subira ya kutosha. Unguja alikuwa na nyumba Mbweni, akaizungushia bustani ya miti ya kila nchi. Mbegu na miche ilisafiri kutoka kwake kwenda bustani ya Kew, London.

Mmoja wa mimea iliyopelekwa kutoka huku, Joseph Hooker wa Kew aliuita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Hiyo nayo ilikuwa 1882, mwaka wa kanisa la Mbweni, na mwaka aliofariki Askofu Steere. Baadaye wataalamu wakaona mmea huo ni uleule ambao tayari ulikuwa na jina la Horace Waller, mmisionari wa UMCA, basi Sultani akavuliwa ua lake akapewa mmisionari. Leo linauzwa kwenye vitalu vya Ulaya na Marekani, linapandwa kwenye vyungu vya madirishani, na mwenye chungu hana habari na Mbweni.

Cha ajabu ni kwamba ua lililokijenga kisiwa hiki halina picha nzuri, kwa sababu haliruhusiwi kuchanua. Karafuu huchumwa ikiwa kikonyo chenye kichwa kilichofumba. Ikishafunguka, thamani imepungua. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye zao. Kwa hiyo mpigapicha wa Unguja aangalie chini badala ya juu. Ulaya maua ya mwanzo hungoja theluji iyeyuke, ya kwetu hungoja mvua: lile la duara, jekundu tupu, linalotoka ardhini kabla ya jani lake, na ile gloriosa inayotambaa vichakani, petali zake zimekunjwa kwenda juu, nyekundu kwa manjano.

Kuna na sababu ya ufundi. Ukuta wa chokaa saa sita mchana wa kaskazi hurudisha mwanga mwingi mno. Kamera inajibana, ukuta unabaki mweupe usio na alama na ua linakuwa doa jeusi. Wingu likitanda, kila kitu kinarudi kwenye rangi yake. Asubuhi baada ya mvua, kabla jua halijapanda, hata simu ya bei rahisi inatosha. Lenzi tu ndiyo ifutwe.

Ukuta wenyewe nao husema kweli wakati huo. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyokunywa maji. Masika ndiyo huonyesha bomba la paa lilipoziba, ufa ulipofika, mwani mweusi unaposhuka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Picha za jengo lile ziko kwa maelfu, karibu zote na anga la buluu. Mpigapicha Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, aliwazidi wageni wote kwa jambo moja: aliishi hapa mwaka mzima. Faida hiyo tunayo sisi sote tunaokaa huku, na hatuitumii.

Mamlaka ya Mji Mkongwe ingeweza kutuomba picha hizo kila Juni, za makanisa, misikiti, mahekalu na nyumba za kawaida. Haigharimu kitu. Na anayekwenda Mbweni Jumapili akae kando mpaka ibada iishe, kisha amwombe ruhusa mzee wa kanisa kabla ya kunyanyua simu, hasa penye makaburi. Akirudi aandike tarehe, ukuta wa upande gani, na kama mvua ilinyesha usiku ule.