Saa ya Meli Si Pambo Tupu

Miongoni mwa wapenzi wa vitu vya kale umezuka mtindo ambao hauna budi kukemewa. Mtu hununua saa kongwe ya meli, akang'oa mitambo yake, akatia mashine ya betri, kisha akaitundika sebuleni ili wageni waisifu. Nionavyo mimi, huko si kukusanya bali ni kuharibu.

Saa hizo hazikuundwa kwa ajili ya urembo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Hivyo basi, baharia aliyejua saa ya bandari alikotoka, akailinganisha na jua la mahali alipo, aliweza kukadiria amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Kosa la dakika 4 lilimpoteza maili 60 za baharini kwenye ikweta. Ndiposa mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua tatizo hilo. John Harrison, seremala aliyejifunza mwenyewe ufundi wa saa, alihangaika miaka mingi hadi saa yake ya nne ikajaribiwa katika safari ya Jamaica mwaka 1761. Meli ya Beagle ilipong'oa nanga mwaka 1831, ilibeba saa 22 za kupimia safari.

Mimi ni mwanaisimu. Kwangu, saa iliyotolewa mitambo ni sawa na neno lililobaki na sauti ilhali maana yake imepotea. Sisi Waswahili huhesabu saa tangu macheo. Mabaharia wa Ulaya walihesabu kengele, pigo moja likiongezwa kila nusu saa, hadi mapigo manane zamu ilipokwisha. Namna hizo za kuufikiri wakati hukaa ndani ya chombo, wala si juu ya kioo chake.

Wapo watakaosema kuwa mafundi wa mitambo hiyo ni adimu na ghali. Ni kweli. Lakini saa iliyosimama na mitambo yake kamili yaweza kufufuliwa kesho. Ile ambayo mitambo yake imetupwa haifufuki kamwe.

Basi mwenye saa kama hiyo asifute nambari zilizochongwa, na aandike ilikotoka. Asipopata fundi, na aiache isimame. Chombo ni mali yake, lakini maarifa yaliyomo ni amana ya watakaokuja baadaye.