Weka Ufuatiliaji Mapema, Usingoje Kulia

Jamani, juzi nilikesha nikisaka oda ya mteja iliyopotea kati ya funksheni zangu tatu za wingu. Kila funksheni ina logi zake, na kila logi ilisema mambo shwari! Kosa ni langu: sikuweka ufuatiliaji.

Tangu 2020 kuna kiwango cha W3C, Trace Context. Ombi hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 32, kinachosafiri nalo kila hatua. Ombi likipitia foleni, hakikisha kitambulisho kimo ndani ya ujumbe, la sivyo nyayo hukatikia hapo.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya baadaye. Nawauliza: seva si yako, huwezi kuingia ukachungulia. Saa nane usiku utaanzia wapi?