Programu za barua pepe: Nani anaziba ufa?

NI nadra kwa mtumiaji wa kompyuta, anapoikuta ofisini barua pepe ile ile aliyoisoma asubuhi katika simu yake, kujiuliza ni nani aliyehakikisha kuwa nakala hizo mbili zinalingana.

Kazi hiyo hufanywa na programu za kuoanisha barua pepe. Nyingi kati yake hutumia utaratibu wa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Ugumu wa kazi yenyewe hauonekani kwa macho. Programu inapoikosa barua upande mmoja, haina budi kuamua iwapo mwenyewe ameifuta au bado haijafika. Jibu hutegemea kumbukumbu ya namba za barua iliyowekwa mara ya mwisho. Kumbukumbu hiyo ikivurugika, barua zaweza kurudufiwa au, vibaya zaidi, kufutwa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo, hitilafu ndogo katika programu ya aina hii inaweza kumpotezea mtu mkataba, risiti au ushahidi.

Mfano ulio wazi ni OfflineIMAP, iliyoanzishwa na John Goerzen mwaka 2002 ili barua zisomeke hata pasipo mtandao. Baada ya miaka kadhaa, mwanzilishi huyo aliwakabidhi wengine jukumu la kuitunza, nao wakalibeba kwa kujitolea.

Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa rasmi Januari 1, 2020. Hivyo hata sehemu zisizokuwa na kosa zikawa zimesimama juu ya msingi uliotelekezwa. Ilibidi litayarishwe toleo jingine, offlineimap3, kwa ajili ya Python 3.

Kabla vumbi halijatulia, mwaka 2022 kampuni za Google na Microsoft zilianza kuzizuia programu za nje zinazoingia kwa jina na neno la siri la kawaida. Programu iliyokuwa ikifanya kazi jana ikagoma leo, ingawa watunzaji wake hawakuwa wamebadilisha chochote.

Hali ya Thunderbird inaonyesha njia nyingine. Mwaka 2012 shirika la Mozilla lilitangaza kuwa halitaipa tena kipaumbele, na wengi wakadhani imefika mwisho. Mwaka 2020 ilihamishiwa katika kampuni tanzu, MZLA, na mwaka 2022 michango ya watumiaji ilizidi dola za Marekani milioni 6. Fedha hizo ziliwezesha kuajiri wataalamu.

Tofauti ya programu hizo mbili haiko katika ubora wa wataalamu, bali katika nani anayelipia matengenezo. Programu kutolewa bure hakumaanishi kwamba utunzaji wake hauna gharama, na taasisi zinazoitegemea kila siku bila kuichangia zinategemea hisani ya watu wachache wanaoweza kuchoka.

Kwa mtumiaji wa kawaida, tahadhari ni moja: kuoanisha si kuhifadhi. Anayezithamini barua zake hana budi kuweka nakala ya pembeni, isiyoguswa na programu hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Barua iliyofutika pande zote mbili, hata hivyo, haina ukuta wa kujengwa upya.