Gari la umeme, kona na mgongo wa Mama

Kuna mambo ya gari ambayo dereva hayajui kamwe mpaka aketi kiti cha nyuma. Mimi nilifunzwa somo hilo Disemba iliyopita, kwenye barabara ya Kajiado, na mwalimu wangu alikuwa Mama mzazi.

Kakangu, ambaye tunaishi naye jirani hapa Kitengela, alikuwa amenunua gari la umeme. Ni gari dogo la familia, mkono wa pili kutoka Japani, rangi ya maziwa. Halingurumi, halitoi moshi, na likikanyagwa linaruka kama swara. Watoto wa mtaa walilizunguka siku nzima wakitafuta bomba la moshi wasilione!

Hata hivyo, kakangu hakulinunua kwa mbwembwe. Mama anakaa Kajiado, na tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga anatakiwa kurudi kliniki Nairobi kila baada ya wiki mbili. Kwenda ni karibu kilomita 80 na kurudi ni vivyo hivyo. Matatu hawezi kupanda, na teksi ya safari hiyo ingetumaliza. Gari la umeme, tukasema, ndilo jibu la maombi yetu.

Siku ya kwanza tulimchukua Mama alfajiri. Mimi niliketi naye nyuma, shemeji yangu akakaa mbele. Tulipokaribia kona moja kali, kakangu hakupunguza mwendo. Alizungusha usukani, gari likashika lami kama mjusi ukutani. "Mmeona?" akauliza kwa majivuno. "Halilali hata kidogo! Lile la zamani lingetumwaga hapa!"

Shemeji alimwambia, "Baba watoto, pole pole." Mama hakusema kitu. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Kila tuta na kila kiraka cha lami kilimfikia kama rungu.

Jioni, tulipomrudisha, alituambia maneno ambayo yalimnyamazisha kakangu. "Mwanangu, gari lako halilali kwenye kona, nami leo silali kitandani. Safari ijayo niacheni tu nyumbani."

Sasa, msomaji, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mgonjwa anayekosa kliniki kwa sababu ya gari lililonunuliwa ili kumpeleka kliniki! Niliamua kuuliza mafundi na watu wanaoyajua magari haya, nipate kuelewa kwa nini gari lililo imara hivyo kwenye kona linaweza kuwa adui wa mgongo.

Jibu ni hili. Gari hukalia springi. Springi ikiwa laini, gurudumu linapopanda tuta, springi inajikunja na abiria hahisi sana. Ni kama kulalia godoro la sufi. Lakini springi hiyo hiyo laini, gari linapokata kona kwa kasi, inabonyea upande mmoja na gari linainama. Springi ikiwa ngumu, gari linasimama wima konani, ila kila jiwe la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kwa hiyo mtengenezaji hupima, akachukua kidogo huku na kidogo kule. Mtaka yote hukosa yote.

Gari la umeme lina mambo yake zaidi. Betri zake zimelazwa chini ya sakafu, na ni nzito mno. Chukua mfano wa Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi waliipanda kama teksi za Nopea Ride jijini Nairobi kati ya mwaka 2018 na 2022. Betri yake peke yake ina uzani wa karibu kilo 300, na gari zima linapita kilo 1,500. Uzito huo ukiwa chini, gari halipinduki kwa urahisi na konani linatulia. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa akiiona kakangu. Lakini mzigo huo lazima ubebwe na springi ngumu zaidi na matairi yaliyojazwa upepo wa kutosha. Tena, kwa kuwa injini haina kelele, kila mgongano wa tairi na shimo unasikika wazi.

Wazee watauliza, mbona Peugeot 504 ilikuwa starehe tupu na bado ilishinda Safari Rally mwaka 1975? Ni kweli. Gari lile lilikuwa limeinuka, magurudumu yake yakiwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na shoku zake zilijua kazi ya kutuliza springi isirukeruke. Gari la umeme la mjini halina nafasi hiyo. Limekaa chini ili lipasue upepo bila kutumia umeme mwingi, na chini ya sakafu ndipo betri ilipolala.

Basi fundi mmoja wa mtaani alimpa kakangu dawa ya haraka. Ati aliinue gari kwa vipande vya chuma juu ya springi, kama wanavyofanya wengi kwa magari madogo kutoka Japani, na kisha atie springi laini. Matuta yasingegusa betri tena, na Mama angebembea kama mtoto.

Namshukuru Mungu kwamba shemeji alikataa. Vipande vile haviongezi ulaini wowote. Vinainua gari tu. Ukiliinua, ule uzito uliokuwa chini umeupandisha juu. Ukiongeza springi zisizoweza kubeba mzigo wake, umepata gari zito linaloyumba. Mpeleke dereva huyo kwenye kona ile, upepo unavuma kutoka uwandani, trela la Namanga linakuja mbele na ng'ombe wanavuka nyuma ya kona. Akikwepa ghafla, gari litamshinda nguvu. Starehe ya namna hiyo huishia hospitalini.

Dawa ya kweli ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Kwanza, tulipima upepo. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva ilisema paundi 36. Kumbe kakangu alikuwa amejaza 45, kwa kuwa aliambiwa tairi likiwa gumu umeme hudumu zaidi! Ni kweli tairi gumu huteleza kwa wepesi na kuokoa umeme kidogo, lakini linakuwa kama jiwe, na hata breki hazishiki vizuri penye lami mbovu.

Pili, tuliyatazama magurudumu. Aliyekuwa nalo kabla yetu alikuwa ametia rimu kubwa za urembo, na mpira wa tairi ukabaki mwembamba kama mkanda. Mpira huo ndio mto wa kwanza wa abiria. Tukarudisha rimu za kiasi chake, na matairi yenye nguvu ya kubeba uzito wa gari hilo. Tatu, shoku mbili za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta, zikabadilishwa.

Nne, na hili halikugharimu hata ndururu, dereva alibadilika. Gari kushika barabara si ruhusa ya kukimbia. Uzito unaolituliza konani ndio huo huo unaolisukuma mbele unapotaka kusimama. Siku hizi kakangu huondoa mguu mapema kabla ya tuta na kabla ya kona. Gari lenyewe linajipunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kumbe upole nao una faida yake!

Kwa wewe unayefikiria kununua, nasema hivi. Ushuru wa bidhaa wa magari ya umeme ulipunguzwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 ikaja bei maalum ya umeme wa kuyachaji. Mambo hayo yanavutia. Lakini usilijaribu gari ukiwa peke yako kwenye lami laini ya mjini. Jaza familia, mpe mwingine usukani, ukae nyuma. Pitia matuta, pitia barabara ya vumbi, kisha kata kona kwa mwendo wa kawaida. Likikuumiza hapo, litawaumiza wazazi wako kila siku. Likiyumba hapo, usilinunue hata kwa bei ya bure.

Nasi tulirudi Kajiado wiki mbili baadaye. Mama alisitasita mlangoni, akaingia. Tulipofika kwenye kona ile, kakangu alipita taratibu hata trela likatupigia honi. Nilimgeukia Mama nimuulize kama anaumia.

Alikuwa amesinzia.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.