Wadi Shab na watoto

Mzazi, ukienda kusalimia ndugu Muscat, watoto wataomba Wadi Shab, karibu na Tiwi, njia ya kwenda Sur. Wapeleke, ila kwanza tazama mawingu ya milimani, si ya pwani. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka korongoni ghafla hata kama ulipo wewe jua linawaka. Siku ya namna hiyo bakini nyumbani, hata wakilia.

Mashua ndogo huwavusha mdomoni mwa korongo (muulize mwenyewe saa ya kuvuka ya mwisho), kisha ni mwendo wa kama dakika 45 kati ya majabali na mitende. Kandambili hazifai, mawe yanateleza. Mbele ni mabwawa ya kuogelea, na mwishoni ufa mwembamba, unapita kichwa tu, kuingia pango lenye maporomoko. Mtoto asiyejua kuogelea aishie bwawa la kwanza, na mkubwa mmoja abaki naye, si kaka yake wa miaka kumi.

Kurudi ndiko kutamu: mnatembea mkielekea baharini. Chakula kifungulieni huko ufukweni, ng'ambo ya daraja kubwa.